Mzaliwa wa Kenya aliyeliwekea mpaka Bunge la Marekani

Kila mahakama inapofuta sheria iliyopitishwa na Bunge, maneno ya barazani huwa ni yale yale. Wabunge hulalamika kwamba majaji hawakupigiwa kura na mtu, basi wamepata wapi nguvu ya kuvunja kazi ya waliochaguliwa? Mawakili hujibu kwamba Katiba iko juu ya wote. Nasi wananchi tunabaki na swali moja: kati ya Bunge na Mahakama, nani mkubwa?

Leo tulipeleke swali hilo Marekani, ambako limebishaniwa kwa zaidi ya miaka 200. Si kwamba wao ni malaika wala kwamba kila lao ni la kuigwa. Ni kwamba Katiba yetu ya 2010 inafanana na yao kwa mengi, na makosa yao yameandikwa wazi, mtu anaweza kuyasoma na kujifunza. Tena moja ya kesi kubwa kabisa katika mabishano hayo ilimhusu mtu aliyezaliwa hapa Kenya. Jina lake ni Jagdish Rai Chadha. Wanafunzi wa sheria wa Marekani wanaisoma kesi yake mpaka leo, ilhali huku alikozaliwa halitajwi sana.

Pasipoti bila mlango

Chadha alikuwa wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Kenya, mwenye pasipoti ya Uingereza. Aliingia Marekani mwaka 1966 kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo ikamalizika tarehe 30 Juni 1972. Mtu atauliza, mbona asirudi kwao? Shida ni kwamba "kwao" palikuwa hapajulikani tena ni wapi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wakazi ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wahindi wengi hawakuomba ndani ya muda huo, wakabaki na pasipoti za Kiingereza. Mwaka 1968 Uingereza nayo ikapitisha sheria ya kuwabana watu hao hao wasiingie kwake watakavyo. Mtu akawa na pasipoti mkononi lakini hana mlango wa kubisha.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana hali hiyo. Tuliwaona Wamakonde wa Kwale wakifunga safari ya miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, na Wapemba wakingoja hadi mwaka 2023 ndipo wakatambuliwa rasmi kuwa Wakenya.

Mwaka 1973 Idara ya Uhamiaji ya Marekani ilimwita Chadha aeleze kwa nini asifukuzwe. Hakukana kwamba viza yake imekwisha. Aliomba nafuu ambayo sheria yenyewe iliiruhusu: mgeni aliyekaa nchini miaka 7 mfululizo, mwenye mwenendo mwema, ambaye kufukuzwa kungemtia katika dhiki kubwa, angeweza kuachwa abaki. Jaji wa uhamiaji alimsikiliza, akapima ushahidi, na Juni 1974 akaridhika. Chadha akaruhusiwa kubaki.

Lakini sheria ile ilikuwa na mkia. Zamani, mgeni aliyetaka kuokolewa asifukuzwe ilibidi Bunge zima limtungie sheria yake peke yake. Kazi hiyo ilipowaelemea wabunge, mwaka 1940 waliikabidhi serikali, ila wakabakisha kamba mkononi. Kila jina lililosamehewa lilipelekwa Bungeni, na chini ya sheria iliyomhusu Chadha, nyumba moja tu ya Bunge ingeweza kulikataa.

Chadha alikaa mwaka mmoja na nusu akidhani mambo yake yamekwisha. Tarehe 16 Desemba 1975, siku chache kabla ya muda wa kukataa kumalizika, Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio. Katika majina 340 yaliyokuwa mbele yao, 6 yalikataliwa, na la Chadha likiwemo. Hapakuwa na mjadala. Kura hazikuhesabiwa. Wabunge hawakuwa hata wamegawiwa nakala za azimio lenyewe. Mwenyekiti wa kamati ndogo alisema tu kwamba kwa maoni ya kamati watu hao 6 hawakutimiza masharti ya sheria, hasa lile la dhiki. Hakuna aliyewaita wale 6 kuwauliza neno.

Kwa nini kazi ikagawanywa

Wamarekani waliandika Katiba yao Philadelphia mwaka 1787, ikaanza kufanya kazi mwaka 1789. Ibara ya kwanza inalipa Bunge la Congress, lenye Baraza la Wawakilishi na Baraza la Seneti, mamlaka ya kutunga sheria na kushika mfuko wa nchi. Ya pili inampa Rais utekelezaji. Ya tatu inazipa mahakama kazi ya kuamua kesi.

Sisi husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Waandishi wa Katiba ile walilijua hilo, na bado wakakubali chombo kiyumbe kidogo. Walichokiogopa zaidi ni nahodha mmoja asiye wa kumwambia "hapa pana mwamba". Na tusidhani walikuwa wakimuogopa mfalme peke yake. Baada ya kujitenga na Uingereza mwaka 1776, mabunge ya baadhi ya majimbo yao yalianza kufanya kazi za mahakama: kufuta hukumu zilizokwisha kutolewa, kufungua upya kesi za watu, kuamua migogoro ya mali kwa kupiga kura. Aliyekuwa na jamaa wengi Bungeni alishinda. Asiye na jamaa alishindwa hata kama haki ilikuwa yake.

Kutokana na maonjo hayo walifikia tofauti moja ambayo ndiyo kiini cha mambo yote. Sheria ni ya wote, hukumu ni ya mtu. Bunge linaweza kupiga marufuku uvuvi wa juya katika bahari yote, na marufuku hiyo itamhusu kila mvuvi, anayejulikana na asiyejulikana. Lakini kama Fulani bin Fulani alivua kwa juya siku fulani, hilo haliamuliwi kwa kura za wabunge. Linahitaji mashtaka, ushahidi, Fulani mwenyewe kusikilizwa, na mtu asiyetafuta kura kukata shauri. Mbunge ana wapiga kura wa kuwafurahisha, na mtu mmoja anayechukiwa ni sadaka rahisi.

Ndiyo maana Katiba ya Marekani inalikataza Bunge waziwazi kutunga sheria ya kumuadhibu mtu bila kesi. Katazo hilo halikubaki karatasini. Mwaka 1943, wakati wa vita, wabunge waliochukizwa na siasa za watumishi watatu wa serikali waliweka kifungu katika sheria ya matumizi ya fedha: watu hao watatu, kwa majina yao, wasilipwe mshahara. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ilisema hiyo si bajeti, ni adhabu iliyovishwa nguo ya bajeti, ikaifuta.

Mahakama nayo ilitoa wapi nguvu?

Hapa pana jambo litakalowashangaza wengi. Katiba ya Marekani haisemi popote, kwa maneno ya wazi, kwamba mahakama inaweza kufuta sheria ya Bunge. Uwezo huo ulitoka katika kesi.

Mwaka 1801 Rais John Adams, akiwa mlangoni kutoka, aliteua mahakimu wadogo wengi dakika za mwisho. Mmoja aliitwa William Marbury. Hati yake ilitiwa saini na muhuri, ila haikumfikia. Rais mpya, Thomas Jefferson, alikataa isitolewe. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kuomba waziri James Madison aamriwe kuitoa.

Uhasama ulikuwa mkali. Bunge, ambalo sasa lilikuwa la watu wa Jefferson, lilifuta vikao vya Mahakama ya Juu vya mwaka 1802, majaji wakakaa bila kusikiliza kesi hadi Februari 1803. Jaji Mkuu John Marshall alijua kwamba akitoa amri, serikali itaipuuza, na mahakama itaaibika. Akinyamaza, itaonekana imetishwa. Akapita katikati. Alisema Marbury ana haki ya hati yake. Lakini sheria ya mwaka 1789 iliyomruhusu kuanzia kesi katika Mahakama ya Juu inapingana na Katiba, na sheria inayopingana na Katiba si sheria. Marshall alikataa uwezo mdogo aliopewa na Bunge, na katika kuukataa akajitwalia uwezo mkubwa wa kupima kazi ya Bunge lenyewe. Serikali haikuwa na amri ya kukaidi, maana hakuna iliyotolewa.

Hata hivyo, mahakama ni mhimili dhaifu. Alexander Hamilton alilieleza hilo mwaka 1788: Rais ana jeshi, Bunge lina mfuko, jaji ana akili yake ya hukumu tu. Kwa hiyo Katiba ilimpa jaji kinga mbili. Jaji wa mahakama za taifa hukaa kazini maisha yake yote maadamu ana mwenendo mwema, na mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini. Bunge linaweza kumkasirikia, lakini haliwezi kumtia njaa.

Pia haendi kutafuta kesi. Mwaka 1793 serikali ya Rais George Washington iliwaomba majaji wa Mahakama ya Juu ushauri wa kisheria, wakakataa, wakisema kazi yao ni kuamua kesi zilizoletwa na wenye ugomvi. Hapa kwetu ni tofauti: Katiba inairuhusu Mahakama ya Juu kutoa maoni ya ushauri ikiombwa na serikali ya taifa au ya kaunti.

Chadha mbele ya majaji tisa

Kesi ya Chadha ilikuwa na ajabu yake. Ilipofika mahakama ya rufaa, Idara ya Uhamiaji iliyotakiwa kumfukuza ilikubaliana naye kwamba kifungu kile cha sheria ni kibovu. Serikali haikupenda Bunge kuichungulia begani kila mara. Basi Bunge likapeleka mawakili wake lenyewe kukitetea. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ikampa Chadha ushindi, kwa uamuzi ulioandikwa na Jaji Anthony Kennedy, ambaye baadaye alipanda hadi Mahakama ya Juu.

Tarehe 23 Juni 1983 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu, majaji 7 kwa 2. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba azimio la Baraza lilibadilisha haki za mtu kwa nguvu ya sheria, na Katiba ina njia moja tu ya kufanya hivyo: kupita nyumba zote mbili, kisha kupelekwa kwa Rais atie saini au apige kura ya turufu. Nyumba moja ikiamua peke yake imeruka ua.

Jaji Lewis Powell alikubali matokeo kwa sababu yake tofauti, na kwa mada yetu sababu yake ndiyo nzito zaidi. Yeye alisema Baraza halikutunga sheria hata kidogo. Lilichukua masharti ya sheria iliyokuwepo, likayapima juu ya watu 6, likatoa hukumu kwamba hawakuyatimiza. Hiyo ni kazi ya mahakama. Na lilipoifanya halikufungwa na chochote kinachoifunga mahakama: hapana kusikilizwa, hapana wakili, hapana kanuni ya jana ya kufuatwa leo. Hatari waliyoiogopa waandishi wa Katiba mwaka 1787 ilikuwa imerudi kupitia mlango wa nyuma.

Tuwe waadilifu tumsikilize na aliyepinga. Jaji Byron White alisema Bunge lilikuwa na sababu. Serikali ya kisasa ni kubwa, na Bunge hulazimika kuikabidhi madaraka mengi. Kamba ile ya kuweza kukataa ndiyo ilikuwa njia yake ya kuyachunga madaraka hayo. Kwa hukumu moja, alisema, vifungu vya aina hiyo karibu 200 katika sheria mbalimbali vimekufa. White hakuwa wa kubezwa. Sheria ya mwaka 1976 kuhusu hali ya hatari iliruhusu Bunge kuifuta amri ya Rais bila kumuomba ridhaa. Baada ya kesi ya Chadha utaratibu ulibadilishwa, ikawa lazima azimio la kufuta lipite mikononi mwa Rais huyo huyo. Mwaka 2019 nyumba zote mbili zilipiga kura kufuta hali ya hatari iliyotangazwa na Rais Donald Trump kwa ajili ya ukuta wa mpakani. Rais akalipigia azimio kura ya turufu, Bunge likakosa theluthi mbili za kumshinda, jambo likaishia hapo. Mpaka uliomlinda mnyonge mmoja ulimuongezea nguvu aliye juu kabisa. Mgawanyo wa mamlaka una gharama yake, na anayesema hauna hajautazama vizuri.

Bunge likishindwa, lifanye nini?

Hukumu ya mahakama si mwisho wa mazungumzo. Bunge la Marekani lina njia kadhaa za halali za kujibu, na limezitumia zote.

Ya kwanza ni kurekebisha sheria. Lilly Ledbetter alifanya kazi karibu miaka 20 katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, Alabama, kabla ya kugundua kwamba analipwa chini ya wanaume wa cheo chake. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 kwa 4, ilisema amechelewa kushtaki, kwani siku 180 zilihesabiwa tangu uamuzi wa kumpunja ulipofanywa. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akaliambia Bunge kwamba sasa mpira uko kwao. Bunge likabadilisha sheria: kila mshahara pungufu unaolipwa unaanzisha hesabu upya. Barack Obama, mwana wa Mkenya, aliitia saini tarehe 29 Januari 2009, mswada wa kwanza aliousaini akiwa Rais. Hakuna jaji aliyetukanwa wala hukumu iliyokaidiwa. Mahakama ilisema sheria inasema hivi, Bunge likajibu: basi tunaibadilisha.

Njia ya pili hutumika mahakama inaposema kikwazo ni Katiba yenyewe. Hapo lazima Katiba ibadilishwe, na ni mlima mrefu: theluthi mbili ya kila nyumba, kisha robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50 ya leo. Mwaka 1895 Mahakama ilifuta kodi ya mapato. Ilichukua miaka 18, hadi 1913, kupata marekebisho ya 16 yaliyoiruhusu. Na mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, Mahakama ilisema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani na kwamba Bunge halina uwezo wa kuzuia utumwa katika maeneo mapya ya nchi. Hukumu hiyo huhesabiwa kuwa mbaya kuliko zote katika historia yao. Ilifutwa na marekebisho ya 13 ya mwaka 1865 na ya 14 ya mwaka 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua mamia ya maelfu. Anayedhani majaji hawakosei aikumbuke hiyo.

Njia ya tatu ni ya hila zaidi: Bunge ndilo linalopanga ni rufaa zipi zifike Mahakama ya Juu. Mwaka 1868 mhariri mmoja wa gazeti huko Mississippi, William McCardle, aliyekamatwa na jeshi kwa maandishi yake, alikuwa na rufaa ambayo tayari majaji walikuwa wameisikiliza. Bunge likaogopa jibu, likafuta sheria iliyoruhusu rufaa hiyo. Mwaka uliofuata Mahakama ikainua mikono, ikasema haina tena uwezo wa kuamua. Lakini mwaka 1872 Bunge lilipojaribu kwenda mbali zaidi, likaziamuru mahakama namna ya kuusoma ushahidi ili serikali ishinde katika kesi za mali zilizotekwa vitani, Mahakama ilikataa. Bunge linaweza kufunga mlango wa mahakama fulani, lakini halimuandikii jaji hukumu. Mwaka 1995 likaongezwa jingine: kesi ikishafika mwisho wake, Bunge haliwezi kuamuru ifunguliwe upya.

Njia ya nne ni majaji wenyewe. Rais huteua, Seneti huidhinisha. Idadi yao haimo katika Katiba. Ilianza na 6 mwaka 1789, ikapanda na kushuka kwa sababu za siasa, ikatulia kwenye 9 mwaka 1869. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt, aliyechoshwa na majaji waliofuta sheria zake za kuinua uchumi, alitaka kuongeza hadi majaji 6 kwa mpigo. Chama chake kilitawala Seneti kwa wingi mkubwa, na bado maseneta wakauzika mpango huo. Waliona kwamba mlango huo ukishafunguliwa, kila atakayekuja ataupitia na majaji wake.

Mwisho kabisa, jaji anaweza kuondolewa. Baraza la Wawakilishi humshtaki, Seneti humsikiliza chini ya kiapo, na lazima theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wamtie hatiani. Hapo ndipo Bunge huwa mahakama kwa idhini ya Katiba. Mwaka 1804 Baraza lilimshtaki Jaji Samuel Chase wa Mahakama ya Juu, kosa lake kubwa likiwa siasa zake na ukali wake kortini. Mwaka 1805 Seneti ilimuachilia. Tangu hapo imeeleweka kwamba jaji haondolewi kwa sababu hukumu yake imewaudhi wakubwa, na hakuna jaji mwingine wa mahakama hiyo aliyewahi kushtakiwa hivyo.

Kuna njia moja tu ambayo haimo: kukaidi. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas aliwatumia askari wa jimbo kuwazuia watoto 9 weusi wasiingie shule ya Little Rock, ijapokuwa mahakama ilikuwa imeamuru waingie. Bunge la jimbo nalo likatunga sheria za kuupinga uamuzi. Rais Dwight Eisenhower alipeleka wanajeshi kuwasindikiza watoto darasani, na mwaka 1958 Mahakama ya Juu ikasema hakuna gavana wala bunge la jimbo linaloweza kujitoa katika hukumu yake. Tukio hilo lina somo chungu. Mahakama ilitii neno lake kwa sababu aliyekuwa na bunduki alikubali kulitii kwanza. Siku atakapokataa, jaji hana cha kumfanya.

Na sisi je?

Kenya haikuacha jambo hili lielee. Ibara ya 165 ya Katiba yetu inaipa Mahakama Kuu, kwa maneno ya wazi, uwezo wa kuamua kama sheria inapingana na Katiba. Kile ambacho Marshall alikipata kwa ujanja mwaka 1803, sisi tulikipigia kura ya maoni mwaka 2010. Kwa hiyo anayesema kwamba majaji wetu wanajipa madaraka ya kufuta sheria aisome kwanza ibara hiyo. Tena majaji wetu hawakai maisha: hustaafu wakifika miaka 70.

Lakini uwezo ulioandikwa hautuhakikishii kwamba mahakama zitasema neno moja. Tuliona Sheria ya Fedha ya 2023 ikifutwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo. Waliosherehekea Julai walinuna Oktoba, na walionuna wakasherehekea. Wengi wetu tuliipima mahakama kwa kuangalia tu kama tumeshinda.

Pengine swali la "nani mkubwa" ndilo linalotupotosha. Hukumu ijayo itakapotoka, tujiulize mengine. Bunge limetunga kanuni ya wote, au limemnyooshea mtu kidole? Aliyeguswa alisikilizwa? Jaji ameeleza sababu zake kutoka katika sheria? Aliyeshindwa amekwenda kubadilisha sheria, kukata rufaa, kuomba Katiba irekebishwe, au ameamua tu kutotii?

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila mhimili utavuta, uwe Washington au Nairobi. Chadha hakuwa tajiri wala hakuwa na mbunge wa kumsemea. Hakuwa hata raia wa nchi iliyokuwa ikimhukumu. Alibaki Marekani kwa sababu palikuwa na mahali ambapo kura za wabunge hazikutosha na ilibidi sababu itolewe. Mpaka kati ya Bunge na Mahakama huonekana kuwa ugomvi wa wakubwa mpaka siku jina lako liwe miongoni mwa yale 6.